Shangazi, nikitangaza kufilisika madeni yanakufa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Zamani nilikuwa fundi kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti pale Kizota. Nikaona wenye mashine wanavyoishi, nami nikajipa moyo. Nilianza na mashine moja ya kukamua, baadaye nikapata Canter ya mtumba ya kuzoa mbegu Kongwa na Mpwapwa.

Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei na kila mtu akakimbilia alizeti. Nilikopa benki shilingi milioni 45. Nyumba yangu ya Nkuhungu haina hati, ina karatasi za serikali ya mtaa tu. Mama mkwe, ambaye ni mjane, akatoa hati ya nyumba yake ya Chang'ombe iwe dhamana. Alisaini kwa hiari yake mbele ya wakili, akaniambia, "Baba, wewe nakuamini kuliko wanangu wa kiume." Maneno hayo ndiyo yananinyima usingizi.

Nilijaza ghala. Msimu uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka, na mbegu niliyoinunua ghali nikaiuza chini ya nusu ya pesa niliyotoa. Nikakopa SACCOS ili nilipe benki. Nikachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili nilipe SACCOS. Mwisho nikaingia kwenye mikopo ya simu ili nipooze kausha damu.

Leo benki inanidai milioni 38. SACCOS milioni 9, na wadhamini wangu ni wenzangu wawili wa sokoni. Mama mmoja mkopeshaji alinipa milioni 2, kwa hesabu zake sasa ni milioni 5, na kadi yangu ya benki anayo yeye. Wakulima wa vijiji vya Kibaigwa nadaiwa nao milioni 7, mbegu zao nilichukua kwa mali kauli. Mikopo ya simu haifiki laki nane, ila hao ndio walionivua nguo: wameshatuma ujumbe kwa ndugu zangu na kwa mchungaji wangu kwamba mimi ni tapeli.

Nina ile Canter, mashine, kiwanja kilichopimwa kule Nala, na nyumba tunayoishi. Mke wangu anajua deni la benki na la SACCOS, mengine hajui. Mama mkwe hajui kabisa kwamba nimekwama miezi minne sasa.

Rafiki yangu anasema niende mahakamani nitangaze kufilisika, madeni yote yatakufa nianze upya. Kaka yangu anasema nimhamishie Canter na kiwanja kwa jina lake, halafu nipotelee Tunduma mwaka mmoja, mambo yakipoa nirudi. Mkopeshaji anasema Jumatatu ananipeleka polisi nifungwe. Nimfuate nani?

Mkamua Alizeti, Nkuhungu

Marahaba mwanangu.

Usimfuate hata mmoja kati ya hao watatu. Wa kuachana naye leo hii, kabla hujamaliza kusoma, ni kaka yako. Najua anakupenda, lakini alichokushauri ndicho hasa sheria ya ufilisi inachokitafuta kwa tochi. Mdaiwa anayehamisha mali ili wadai wasiifikie, au anayekimbia nyumbani kwake au nje ya nchi kwa nia hiyo, amefanya tendo ambalo kwa lenyewe linampa mdai sababu ya kwenda kuomba mdaiwa huyo atangazwe mufilisi, yaani mtu aliyefilisika. Uhamisho wenyewe unaweza kubatilishwa. Canter haibadilishi mwenyewe kimyakimya, inapita TRA na tarehe inabaki kwenye kumbukumbu. Siku wakili wa benki akiuliza kwa nini gari ilienda kwa kaka bila pesa kupita popote wakati ulishaacha kulipa, utajibu nini? Na kaka naye ataitwa kuhojiwa.

Rafiki yako ana robo ya ukweli. Kufilisika kwa mtu binafsi kupo katika sheria zetu, tena ni jambo la zamani: Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ina asili yake tangu enzi za Mwingereza, na hata Kiswahili chake mahakamani bado kinanuka vumbi. Mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka ombi Mahakama Kuu akisema hana uwezo wa kulipa. Mahakama ikikubali inatoa amri, na mali zako zinawekwa chini ya mfilisi wa Serikali, yaani msimamizi wa mali ya aliyefilisika, kazi ambayo iko mikononi mwa RITA. Ndiyo, ni RITA hao hao wa vyeti vya kuzaliwa. Jina lao refu ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kuanzia hapo wanaokudai hawawezi kukushtaki mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama. Hiyo ndiyo raha yake, na kwa mtu anayevutwa na kesi tano kwa wakati mmoja si raha ndogo. Lakini sikia yanayofuata. Amri inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na magazetini. Unaandika kwa kiapo kila unachomiliki, kila unachodaiwa na sababu zilizokufikisha hapo. Wadai wanaitwa kwenye kikao. Unasimama mahakamani, mbele ya watu, unaulizwa maswali: pesa ya SACCOS ilikwenda wapi, ghala lilikuwa la nani, ulipokopa mara ya tatu ulitegemea kulipa kwa nini. Mkishindwa kuelewana unatangazwa mufilisi, mali inauzwa na wadai wanagawana kwa uwiano wa madeni yao. Utakachokipata kabla hujaachiliwa nacho kinaweza kuingia kwenye fungu hilo. Ukiwa mufilisi huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na kukopa huku umeficha hali yako ni kosa la jinai. Kuachiliwa hakuji kwenyewe: unaomba, na mahakama inaweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kukupa masharti. Deni lililotokana na udanganyifu linabaki hata baada ya hapo.

Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Kinachonifanya nikuambie usiende sasa ni mama mkwe wako.

Kufilisika kwako kunakufungua wewe peke yako. Mdhamini hafunguliwi. Benki ina hati ya Chang'ombe, na siku utakapotangazwa mufilisi hati hiyo itaendelea kuwa mikononi mwao kama ilivyo leo. Kwa mgao wa mali yako watapata kidogo, kilichobaki watakifuata kwenye nyumba ya yule mama. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzako wawili wa SACCOS. Akiba na hisa zako zitakatwa kwanza, kisha watageukiwa wao. Kwa hiyo "nianze upya" ya rafiki yako maana yake ni wewe upumue halafu mjane wa watu atolewe vyombo nje.

Najua utakachofikiri hapo: basi niuze Canter haraka, pesa yote niipeleke benki niokoe hati, ndipo nikatangaze kufilisika, waliobaki watajijua. Wengi wamelifikiria hilo, na waliotunga sheria walilifikiria mapema. Malipo yanayofanywa na mtu ambaye tayari hawezi kulipa wote, kwa nia ya kumpendelea mdai mmoja au kumwokoa mdhamini wake, yanaweza kurudishwa na mfilisi iwapo ufilisi utafuata ndani ya muda uliowekwa. Utakuwa umeuza gari, umeharibu jina, na nyumba ya mama imerudi kulekule.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi. Mtu akikushtaki kwa njia ya kawaida akashinda, Sheria ya Mwenendo wa Madai inalinda baadhi ya vitu visikamatwe: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi, pamoja na nyumba unayoishi wewe, mkeo na watoto wanaokutegemea, ilimradi hukuiweka rehani. Nyumba yako ya Nkuhungu haina rehani ya mtu. Kwenye ufilisi orodha ya unachoachiwa ni fupi zaidi: nguo, matandiko na zana za kazi kwa thamani ndogo tu. Nyumba haimo. Yaani ungekwenda kwa miguu yako kuomba kinga, ukatoka bila paa. Mwoneshe wakili karatasi zako za serikali ya mtaa na umwambie mkeo alichangia nini katika kujenga, maana sehemu yake ina hoja yake.

Sasa tufanye nini?

Leo usiku zungumza na mke wako. Usimpe nusu. Mwambie kausha damu, wakulima, mikopo ya simu, na kwamba mama yake hajui. Atalia au atanyamaza, na kwako kunyamaza kutakuwa kubaya zaidi, lakini ni yeye atakayekuongoza namna ya kumwambia mama yake. Mama mkwe asisikie habari hii kwa dalali anayepima ukuta wa nyumba yake. Mwende wawili, ukae chini, useme wewe mwenyewe. Usimtume mshenga wala mchungaji. Alikuita "baba" siku anasaini. Anastahili kusikia kwa mdomo wako.

Kesho yake chukua daftari uandike madeni yote: nani, kiasi ulichopokea, ulichokwisha lipa, kinachobaki, nani kadhamini, kuna mkataba au hakuna. Kila risiti ya simu na benki ichapishwe. Daftari hilo litatumika ukienda kwa makubaliano, na litatumika ukienda mahakamani. Watu wengi wanaoniandikia hawajui wanadaiwa kiasi gani, wanajua tu wanadaiwa na nani anayepiga kelele zaidi. Wewe angalau umejumlisha.

Benki uifuate kabla haijakufuata. Umekwama miezi minne, na hujasema umepata notisi. Kabla ya kuuza nyumba iliyowekwa rehani ni lazima mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 ya kumtaka mkopaji arekebishe kasoro. Siku hizo zikianza kuhesabika unapoteza nguvu ya kuzungumza. Andika barua ya kuomba kupangiwa upya marejesho, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uende na daftari na pendekezo lenye tarakimu. "Nivumilieni hali ngumu" si pendekezo. Pendekezo ni: nauza Canter na kiwanja cha Nala, natoa kiasi hiki mara moja, kinachobaki nalipa kwa miaka kadhaa kwa rejesho ninaloliweza. Kabla hujataja bei ya kiwanja toa kodi na gharama za kuhamisha umiliki, usije ukaahidi pesa ya TRA. Ikifika mahali nyumba ya Chang'ombe lazima iuzwe, basi mjue kwamba muuzaji anatakiwa atafute bei nzuri. Ikienda kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi ya bei ya wastani ya nyumba kama hiyo, sheria ya ardhi inaanza kwa kudhani kwamba hakutimiza wajibu wake. Kwa bei za viwanja za Dodoma hii ya leo, hiyo si hoja ya kuacha mezani.

Mashine usiuze. Wewe ni fundi, na ufundi wako ndicho kitu ambacho hakuna mdai anayekishika. Acha kununua mbegu. Mavuno yakianza kuingia, Mei au Juni, wakamulie watu kwa malipo, mbegu iwe yao na hasara ya bei iwe yao. Jadili na mteja mashudu abaki nayo nani. Biashara yako haikuuawa na mashine, iliuawa na ghala.

Fungu la Canter na kiwanja lisiende benki kwa siri. Hapa ndipo tofauti kati ya ujanja na utaratibu inapoonekana: waite benki, SACCOS, wawakilishi wa wakulima, na kila mwenye mkataba halali, uwape orodha moja ile ile, wakubaliane kwa maandishi nani apate nini na lini. Wakijua wote na wakasaini wote, hakuna atakayesema ulimpendelea mwenzake gizani. Mkataba wa mdaiwa na wadai wake una sheria yake na unasajiliwa, kwa hiyo uandikwe na wakili. Gharama ya wakili ikikushinda, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo. Anza kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji, uulize waliosajiliwa hapa mjini.

Kwa wakulima wa Kibaigwa nina neno langu mwenyewe. Hawana dalali, hawana wakili, na hawatakutumia ujumbe kwa mchungaji. Ndiyo maana watu kama wewe huwaweka mwisho wa foleni. Mtu aliyekupa magunia yake kwa kauli yako tu amekukopesha bila riba mwaka wa tatu sasa. Ukigawana hilo fungu bila wao kuwamo, sitakuita tapeli kama wale wa simu, lakini nitaelewa kwa nini wao waliita. Nenda kijijini wewe mwenyewe, na safari hii usiende na Canter.

Huyo mama wa kausha damu tumalizane naye haraka. Muulize leseni yake. Kukopesha watu kwa biashara bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Akiwa nayo, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni 2 hiyo ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Chukua kikokotoo uone kama inafika milioni 5 kwa miezi uliyokaa nayo. Kushika kadi ya benki ya mteja hakuruhusiwi. Nenda benki leo uifunge uombe nyingine, halafu mwambie utalipa alichokupa na riba halali, si shilingi zaidi. Akigoma, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha.

Wa mikopo ya simu usiwalipe kwa kukopa kwingine. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Angalia kama zako zimo. Kuwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako ni uvunjaji wa faragha, na hilo linapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na picha za ujumbe wenyewe. Kwa mchungaji nenda umweleze. Ameshasoma tayari, huna cha kuficha.

Na hiyo Jumatatu ya polisi? Deni ni suala la madai. Polisi hawakusanyi marejesho, na mgambo hawana haki ya kubeba sofa yako bila amri ya mahakama. Ukiitwa nenda, usikimbie, nenda na mkataba na risiti. Jinai inaingia pale mtu alipodanganya ili apewe pesa, mfano hati ya kughushi au hundi ambayo alijua haina kitu, na katika uliyoniandikia sijaiona. Kipo kifungo cha madai, sikufichi: aliyeshinda kesi anaweza kuomba mdaiwa afungwe, hakizidi miezi 6, na anayeomba ndiye anayelipia chakula chako huko ndani. Mahakama hukiangalia zaidi kwa mtu mwenye uwezo anayekataa kulipa au anayeficha mali. Unaona tena kwa nini nimemkatalia kaka yako?

Biashara ya kununua mbegu ukiifunga, wajulishe TRA kwa maandishi, na ile ya kukamua ibaki kwenye makadirio yake yenyewe. Nimeona watu wamefunga duka, miaka miwili baadaye wanadaiwa kodi ya duka lisilokuwepo, na kodi ya Serikali hukaa mbele ya wadai wengi kwenye mgao.

Makubaliano yakivunjika, kwa mfano benki ikasaini lakini SACCOS wakakimbilia mahakamani, au wadai wakaanza kukuvuta kila mmoja upande wake, hapo ndipo Sura ya 25 inapokuwa na maana kwako, nawe utaingia ukiwa na daftari safi, mali zote kwa jina lako na majibu ya kila swali. Mpaka hapo usiuze kitu, usihamishe kitu na usimlipe mmoja wao fungu kubwa kabla wakili hajaliona hilo daftari. Niandikie benki ikijibu barua yako; nataka kujua wamekupa miaka mingapi.